Wimbo Niliouandika Kuwa wa Asili

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa Buguruni kumwambia mwenye baa mmoja kwamba muziki anaoupiga una wenyewe. Nilivaa shati jeupe na tai niliyoazima kwa shemeji, nikabeba kitabu cha stakabadhi, karatasi za kaboni na kalamu mbili. Mwenye baa alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akazima redio, akarudi kukaa.

"Haya baba, muziki hakuna tena," akasema. "Unadai nini?"

Wateja wawili waliokuwa wanakunywa supu walicheka. Nilimshukuru, sijui kwa lipi, nikarudi ofisini na kitabu changu kikiwa kizima.

Nawaandikia nyie mnaobaki kwenye dawati la leseni. Siku mliyoniaga mliniomba niweke kwenye karatasi yale niliyokuwa nayasimulia saa ya chai. Huu ni mwezi wa tatu nipo nyumbani Gongo la Mboto, kuku wangu hawahitaji leseni, na muda ninao. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha, zimo kwenye mafaili na hazimfundishi mtu kitu. Nitaeleza kazi nilivyofundishwa, halafu nieleze kosa langu moja, kwa sababu wengi wenu mnalifahamu nusu tu.

Aliyenifundisha ni Bwana Murtaza, karani wa usajili. Familia yao ni Washia Ithnasheri, Wahindi wa hapa hapa mjini kwa vizazi kadhaa, na kabla ya kuja ofisini alikuwa na duka la kaseti. Kaseti zilipokufa alifunga duka, akaomba kazi kwetu, akaingia na kichwa kilichojaa nyimbo zote alizowahi kuuza na majina ya waliozitunga. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwezi wa Muharram alivaa nyeusi na maneno yakapungua zaidi.

Siku ile aliponiona nimerudi mikono mitupu aliniuliza nilimwambia nini yule mama. Nikasema nilimweleza sheria.

"Ndiyo maana akazima," akasema, akaendelea kuandika.

Baada ya siku mbili alinirudisha kule kule. Aliniagiza niagize soda, nikae, nisiseme lolote. Nilikaa. Redio ilikuwa imezimwa, nadhani aliponiona naingia. Wateja walikuja, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyeagiza chupa ya pili. Baada ya muda mrefu mwenye baa aliinuka mwenyewe akaiwasha, akanitazama, na mimi nikatazama soda yangu. Mwisho akavuta kiti, akaniambia nimweleze tena, polepole, bila kusoma kwenye karatasi. Nilimwambia kwamba anayemletea kreti za bia anamlipa kwa sababu bia inamkalisha mteja, na aliyetunga wimbo naye anamkalisha mteja, ila yeye hana lori la kumfuatia. Alilipia leseni siku ile. Akaitundika karibu na kioo, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaelekeza wenye baa wenzake kwangu, wengine wakimlaani kwa hilo.

Kwenye meza ya Bwana Murtaza kila wimbo ulikuwa na mafaili mawili, la kijani na la kahawia. La kijani lilikuwa la wimbo wenyewe, maneno na sauti yake, na mwenye nalo ni mtunzi. La kahawia lilikuwa la rekodi, na mwenye nalo ni aliyelipia studio. Waimbaji wengi wanaoingia ofisini hata leo wanadhani kuna faili moja. Mtu akitaka kupiga wimbo baa, hotelini, saluni au kwenye basi, anahitaji leseni. Redio na televisheni nazo zinahitaji, na zinatakiwa kuleta orodha ya walichopiga, orodha ambayo mara nyingi huandikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula. Wimbo ukiwa mwito wa simu kuna malipo. Mwingine akiurudia kwa sauti yake, mtunzi ana haki yake hata kama rekodi ni mpya. Ukitiwa kwenye filamu au tangazo la biashara, hapo watu wanakaa mezani na kupatana, na hapo ndipo wimbo mmoja unaweza kumpa mtunzi zaidi ya harusi za mwaka mzima.

Msanii anayetegemea maonyesho peke yake anaishi kwa koo lake. Akiugua koo, ameugua na mfuko. Wimbo uliosajiliwa vizuri unafanya kazi hata mwenyewe akiwa amelazwa. Lakini lazima uwe umesajiliwa vizuri, na kwenye fomu yetu sehemu yenye hatari kuliko zote ni ile nafasi fupi iliyoandikwa "mtunzi". Bwana Murtaza alikuwa na desturi ya kuuliza swali hilo mara mbili: mara ya kwanza mbele ya watu, mara ya pili pembeni, mtu akiwa peke yake. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Nilidhani ni usahaulifu wa utu uzima.

Nilikuwa na mwaka wa pili au wa tatu kazini nilipotumwa Temeke kusajili nyimbo za kikundi cha akina mama. Walikuwa wanapiga ngoma na kuimba kwenye harusi, na mwenye studio mmoja alikuwa amewarekodia kaseti ya nyimbo nane kwa gharama zake. Katibu wao, ambaye ndiye pia aliyekuwa mwimbaji, aliitwa Bi Semeni. Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi mwepesi, akikaanga bagia asubuhi na kuimba alasiri. Aliishi kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba sita, ua mmoja, kila chumba na familia yake. Walinitandikia mkeka uani, tukaanza kujaza fomu.

Nyimbo saba zilikwenda vizuri. Huu wangu, huu wa fulani, huu tulitunga wawili. Tukafika wa nane, "Sufuria Yangu". Ni wimbo wa mtu aliyemwazimisha jirani sufuria, na kila akienda kuidai anajibiwa, "Kesho, jirani, kesho." Kiitikio hicho kilikuwa kinanata. Niliondoka nacho kichwani siku ile na sijakitoa mpaka leo.

Niliuliza nani ameutunga.

"Huo wa asili, kaka," akasema Bi Semeni. "Sie tumeukuta."

Wenzake walijifunika kanga nyuso wakacheka mpaka mabega yakatikisika. Mimi ni mtu wa Singida, nimekulia kwenye kwaya ya kanisa ambako wimbo unasema kile unachosema, na anayeimbiwa ni Mungu peke yake. Nilidhani wanacheka kwa sababu wimbo unachekesha. Nikaandika "wa asili", nikagonga mhuri, nikanywa chai, nikaondoka.

Kwa mtu wa dawati letu maneno hayo mawili si madogo. Wimbo wa asili taratibu zake ni nyingine, na hauna mtunzi wa kulipwa. Faili lake la kijani linabaki tupu.

Miaka ikapita. Kaseti zikawa sidii, sidii zikawa simu, kitabu cha stakabadhi kikawa kompyuta ambayo kila Jumatatu ilihitaji kubembelezwa. Bwana Murtaza alistaafu, akaenda kuishi kwa binti yake. Mimi niliendelea kuzunguka, na kwenye mabaa ya Kinondoni mpaka Temeke watu wakanibatiza Bwana Leseni. Wakiniona naingia walipunguza sauti ya spika, kana kwamba nalipisha kwa ukubwa wa kelele.

Miaka michache kabla sijastaafu, kijana mmoja wa singeli alichukua kile kiitikio cha sufuria, akakikimbiza kwa kasi wanayoijua wao, na mji mzima ukawa unakiimba. Tuseme ukweli, alifanya kazi yake kiungwana. Alikuja ofisini kuuliza amwombe nani ruhusa. Tulifungua rejista, tukamwambia kuhusu rekodi akazungumze na wale waliorithi studio, lakini wimbo ni wa asili, mtunzi hakuna. Akashukuru, akaenda zake.

Baada yake ikaja barua ya kiwanda cha mafuta ya kupikia. Walitaka wimbo huo kwenye tangazo, ule wa zamani wenye sauti za wale akina mama. Aliyeleta barua ni Dada Glory kutoka kampuni iliyokuwa inawatengenezea tangazo, binti mwenye adabu na mafaili yaliyopangwa kuliko yangu. Aliomba tuthibitishe kwa maandishi kwamba wimbo hauna mtunzi, ili walipie rekodi na taratibu za nyimbo za asili peke yake. Nilimwambia arudi baada ya wiki moja. Barua ya namna hiyo ni ya dakika kumi, lakini tulikuwa na foleni.

Kabla ya wiki kuisha, Bi Semeni akaingia.

Sikumtambua mpaka alipoongea. Alikuwa amezeeka, ulimi ukiwa ule ule. Alikaa kwenye benchi, akasema amesikia wimbo wao kwenye kibanda cha kuuza sidii na flashi, na muuzaji amemwambia utakuwa kwenye televisheni. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, wimbo wa asili ukitumika analipwa nani. Nikamwambia mtunzi hakuna, kwa hiyo hakuna.

Akakunja kanga yake, akaikunjua.

"Na kama haukuwa wa asili?"

Niliweka kalamu chini. Nilimpeleka chumba cha mafaili, ambako hakuna mtu, na akanieleza.

Sufuria ilikuwa ya kweli. Ilikuwa yake, kubwa, ya kulowekea kunde za bagia, na aliyeiazima ni mpangaji wa chumba cha mbele yake, Mama Shani. Aliidai mwezi mzima. Kila akienda mlangoni anajibiwa kesho. Ugomvi wa uani hakuutaka, basi akatunga wimbo. Kwenye harusi ya kwanza walipouimba, kikundi kizima kilikuwa kinajua unamlenga nani. Nilipokuja mimi na fomu zangu, Mama Shani alikuwa chumbani mwake, mlango wazi, hatua chache kutoka kwenye mkeka. Bi Semeni angesema ni wangu, angekuwa amemtukana jirani mbele ya serikali. Ndiyo maana akasema wa asili. Ndiyo maana wenzake walicheka. Wimbo wa mafumbo ukishatajwa mtunzi wake, fumbo limefumbuliwa.

Mambo yakawa magumu zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Watoto wa ua mmoja walikua pamoja, na Bakari, mtoto wa Bi Semeni, akamuoa Shani mwenyewe. Mama Shani akahamia Kimbiji kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na ndugu. Bi Semeni akabaki anaishi kwa mwanawe Temeke, chumba cha nyuma, anakula kwa mkono wa Shani.

"Ananitunza vizuri, sina la kusema," akaniambia. "Ila mie nimekaanga bagia maisha yangu yote. Leo nikitaka kukaanga mwenyewe naomba mafuta, nikitaka chumvi naomba chumvi. Nataka jiko langu, Bwana Leseni. Sasa nitalipataje kwa kumtaja mama yake kuwa hakurudisha sufuria?"

Jioni ile nilimpigia Bwana Murtaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Ulimuuliza pembeni?"

Nikasema hapana. Akanitakia usiku mwema.

Utaratibu wetu wa kubadilisha usajili wa asili kuwa wa mtunzi mnaujua. Kwanza kiapo. Pili mashahidi wawili walioujua wimbo ulipozaliwa. Tatu tangazo ubaoni, ili mwenye pingamizi alilete. Nilimwomba Dada Glory muda, nikamweleza kwamba kosa linaweza kuwa letu. Sikusema langu. Hiyo nayo naiandika hapa kwa sababu haikunipendeza. Aliniambia wateja wake wana haraka, na wakichelewa watatafuta wimbo mwingine. Sufuria zimeimbwa nyingi.

Shahidi wa kwanza tulimpata kwa urahisi, fundi mitambo wa ile studio, aliyekumbuka Bi Semeni akibadilisha ubeti mbele ya maikrofoni. Wa pili ndiye aliyetushinda. Wanakikundi waliobaki niliwatembelea mmoja mmoja. Walinipokea vizuri, walinipa chai, na wote walisema wamesahau. Mmoja tu ndiye aliyekuwa mkweli. Alisema wakimtaja Semeni kuwa mtunzi, watakuwa wamekiri na wao walikuwa wanacheka, na Mama Shani bado wanakutana naye misibani.

Nikabaki na jina moja. Nilimwambia Bi Semeni kwamba mtu anayejua kwa hakika wimbo ulipotoka ni yule aliyeimbiwa. Alikataa. Alirudi baada ya siku tatu, hakukaa hata kwenye benchi.

"Nenda," akasema. "Lakini usimwambie nimekutuma."

"Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie serikali."

Barabara ya Kimbiji siku hizo ilikuwa inamtoa mtu meno. Nilipanda pikipiki tangu lami ilipoishia, na nilipofika nilikuwa na vumbi mpaka ndani ya bahasha. Mama Shani alikuwa anamenya mihogo barazani. Nilimsalimu shikamoo ingawa hatukupishana sana kwa umri, kwa kuwa nilikuja kuomba. Aliitikia, akanipa maji, akanisubiri ninywe.

Nilianza na serikali. Nikaeleza rejista, usajili, wimbo usio na mtunzi. Alimenya mihogo miwili mizima bila kuinua uso. Kisha akaniuliza kama Semeni ameshasema kuwa ni wake.

Nikamwambia amesema kwangu, si mbele ya watu.

"Miaka yote hii namsubiri aseme," akajibu.

Alijua tangu siku ya kwanza. Alikuwepo kwenye harusi ile, na walipofika kwenye kiitikio wakamgeukia kidogo, si sana, kiasi cha mwenyewe kuelewa. Alifanya kitu ambacho mimi wa Singida nisingekifikiria. Aliinuka, akacheza mpaka mbele, akamtunza mwimbaji noti, akarudi kukaa akitabasamu. Anayetunza anasema wimbo umemfurahisha, kwa hiyo haumlengi yeye. Angekaa kimya, ukumbi mzima ungejua. Na tangu siku hiyo kila walipouimba aliinuka akatunza. Alinieleza hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza ushuru wa sokoni.

Nilimuuliza kama atakuja kutoa ushahidi. Akapanga mihogo kwenye beseni. Akasema atakuja, kwa sharti moja: Semeni aseme yeye kwanza, na Mama Shani akiwa amekaa anamsikia.

Siku waliyokuja niliomba chumba cha mikutano. Walikaa pande mbili za meza ndefu, kila mmoja na mkoba wake mapajani. Walisalimiana kama wakwe wanavyosalimiana, wakaulizana habari za wajukuu kwa kirefu, mpaka maneno yakawaishia. Shahidi wetu wa kwanza alikuwa ameshatia sahihi na kuondoka. Nilimsomea Bi Semeni kiapo. Alitakiwa kurudia maneno yangu, lakini hakurudia. Alimgeukia mwenzake.

"Mama Shani," akasema, "ule wimbo niliutunga mimi. Na niliyemtungia ni wewe."

Mama Shani aliitikia kwa kichwa mara moja. Nilidhani yameisha, nikavuta fomu ya shahidi. Lakini na yeye alikuwa na lake.

"Sufuria niliiuza," akasema. "Shani alishikwa na degedege, baba yake yupo safari, ndani hamna kitu. Nikaipeleka Buguruni kwa mama ntilie mmoja. Nikawa nakwambia kesho, nikitumai nitanunua nyingine. Sikupata."

Bi Semeni aliweka mkoba wake mezani. Ua ule ulikuwa mmoja; kikohozi cha chumba kimoja kilisikika vyumba vyote, ila habari ya kuuzwa kwa sufuria haikutoka.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungenipa nini, Semeni? Siku zile na wewe ulikuwa unakula bagia zilizokosa mnunuzi."

"Ningenyamaza."

"Wewe?" Mama Shani akasema, na hapo wote wawili walicheka, cheko la pua, la watu wasiotaka kuonekana.

Niliandika ushahidi. Niliuandika kwa ufupi, kwa kuwa fomu ina mistari sita, na jina la ugonjwa wa mtoto halikuhitajika. Mama Shani alitia kidole gumba. Nikamweleza Bi Semeni hatua zinazofuata, na kwamba tangazo likikaa ubaoni bila pingamizi, faili la kijani litakuwa lake. Kampuni italazimika kupatana naye, na kijana wa singeli naye atalipa haki ya mtunzi kuanzia hapo.

Alinisikiliza, akaniuliza wanachokitaka hasa kwenye tangazo ni kipi. Nikasema kiitikio. Ndicho alichochukua kijana wa singeli, ndicho wanachokitaka watu wa mafuta. Beti hawazijui kabisa.

"Basi hicho si changu," akasema Bi Semeni. "Beti ni zangu. Kiitikio ni maneno yake. Ndivyo alivyokuwa ananijibu mlangoni, vile vile, na sauti ile ile. Mie nilikichukua tu."

Nilimweleza kwamba jibu la mlangoni kisheria si utunzi. Aliyesema neno dukani hawi mtunzi kwa sababu mwingine kalitia kwenye wimbo. Yeye ndiye aliyelisikia, akalipangia sauti, akaliweka mahali pake. Lakini nikamwambia pia, kwa sababu ni kweli, kwamba mwenye wimbo anaweza kumgawia fungu amtakaye, na fomu ya mgawanyo ipo kwenye droo.

"Itoe," akasema.

Walinikalisha pale zaidi ya saa moja. Nimeona wasanii wakinyang'anyana mafungu mpaka viti vikapinduka, lakini sijawahi kuona watu wawili wakigombana kila mmoja akisukuma kwa mwenzake. Bi Semeni alitaka nusu kwa nusu. Mama Shani alisema akichukua nusu watu watasema alilipwa kwa kutorudisha kitu cha mtu. Akataka asiandikwe kabisa. Bi Semeni akasema basi na yeye haandikwi, ubaki wa asili, watu wa mafuta wale bure. Mwisho walikubaliana robo, na Mama Shani akauliza kama jina hilo litasomwa na watu. Nikamwambia rejista iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama, na atatajwa kwenye mkataba.

Alivuta kiti karibu na meza.

"Basi usiandike Mama Shani," akaniambia. "Andika Mwanaidi binti Kombo. Mama Shani ni wa uani."

Nikaandika hivyo. Kisha, mbele yao, nilikata kwa mstari yale maneno mawili niliyoyaandika zamani kwenye fomu ya kwanza, nikatia sahihi pembeni na kueleza kwamba kosa ni la karani aliyesajili. Bi Semeni aliniuliza nimeandika nini. Nilipomsomea, alisema hakuna haja, aliyedanganya ni yeye. Nikamwambia na aliyeamini alikuwa analipwa mshahara kwa kuuliza.

Pingamizi halikuja. Dada Glory alipatana nao kiungwana, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mkataba wa tangazo la biashara ukitiwa kidole gumba na binti Kombo wa Kimbiji. Malipo yalichukua miezi, kama mnavyojua yanavyochukua, na Bi Semeni alikuja mara kadhaa kuniuliza na kuniletea bagia baridi za dukani, akizisema vibaya njia nzima.

Nilipita kwake wiki chache kabla sijastaafu, nikiwa na karatasi ya kusaini. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeongezwa kibaraza cha bati, chini yake jiko la mkaa, karai, na meza yenye foleni ya watu wanne. Hakunikaribisha kukaa mpaka alipomaliza kuwahudumia. Alinieleza kwamba sasa anapika mwenyewe, mchana na jioni, na Shani mwanzoni alinuna, akidhani amemkosea mama mkwe, mpaka mama yake alipomtumia ujumbe kutoka Kimbiji kwamba aache.

Ijumaa peke yake ndiyo hapiki. Siku hiyo anavaa gauni lake zuri, anafunga kibaraza, anavuka ua mpaka mlango wa mbele wa mwanawe, na anapiga hodi. Shani anatoka kumkaribisha chakula, kama mgeni.